Ginipigi anachechemea, pelleti za sungura ndizo shida?

Mama Wawili (Lanet): Habari zenu wadau. Watoto wangu wanafuga ginipigi wawili. Wanakula pelleti za sungura kutoka agroveti, karoti, na sukuma wiki ikibaki. Tangu juzi dume anachechemea mguu wa nyuma, ukimgusa goti anapiga kelele, na manyoya yamekuwa makavu. Jeraha silioni. Jirani ananishauri nimpe dawa ya kuku. Mnasemaje?

Jamaa wa Kibuye: Mlete Kisumu, sufuria iko tayari 😂

Mfugaji Njoro: Huyo wa sufuria achana naye. Dada, sungura hujitengenezea vitamini C mwilini, ginipigi hawezi, sawa na sisi binadamu. Kwa hiyo pelleti za sungura hazimtoshi hata ale mfuko mzima. Ikikosekana, viungo vinavimba na kuuma, fizi zinatoka damu, mnyama hataki kutembea. Mzima anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mpe kila siku kipande cha pilipili hoho, upana wa vidole viwili hivi, bila mbegu. Pera pia lina vitamini C nyingi sana, ila lina sukari, basi kipande kidogo mara moja moja. Vitamini ya kutia kwenye maji usihangaike nayo, inaharibika upesi.

Na dawa ya kuku HAPANA. Antibiotiki za jamii ya penisilini akizimeza zinaua bakteria wazuri wa utumboni, anaharisha na kufa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda pia ameanguka akavunjika.

Shosh wa Molo: Mbona hakuna aliyetaja nyasi? Hoho ni kitoweo tu. Nyasi kavu ndiyo ugali wake, ikae humo usiku na mchana. Meno yake hayaachi kukua, na kutafuna nyasi ndiko kunayasaga. Nunua boma rhodes, aina ya nyasi kavu ya mifugo.

Mama Wawili: Asanteni. Lusani (alfalfa) je? Na maganda ya viazi, maana hapa hayakosi.

Shosh wa Molo: Lusani waachie wadogo chini ya miezi sita na majike wenye mimba. Ina kalisi nyingi, mkubwa atapata mawe kwenye kibofu. Sukuma nayo isiwe ya kila siku. Maganda ya viazi usimpe kabisa, hasa yaliyogeuka kijani, wala majani ya nyanya, vitunguu au avokado.

Mfugaji Njoro: Naongeza: nyasi usikate kando ya barabara, mbwa wanakojoa hapo na wengine wanapulizia dawa. Robota ukilifungua likanuka ukungu, rudisha. Chakula kipya anza kidogo kidogo, tumbo lake halipendi ghafla. Ila akikataa kula kutwa nzima, usingoje kesho, daktari usiku huohuo.

Mama Wawili: Sawa. Hoho ameila yote hadi kikonyo. Daktari anakuja saa tisa.