Kimisri cha kale: hii "ni" imetoka wapi?

Muulizaji: Wakuu, habari za usiku. Wiki ya tatu nimekwama. Nimeandika *nfr pr* daftarini nikatafsiri "nyumba nzuri", majibu yanasema "nyumba ni nzuri". Nimetafuta alama ya "ni" hadi macho yanauma.

Jibu 1: Haipo, ndugu yangu. Kivumishi kikitangulia, sentensi imekamilika. Kikifuata, *pr nfr*, ni "nyumba nzuri" tu, msomaji bado anasubiri. Sasa jaribu na binti, *sꜣt*. "Binti mzuri" ni *sꜣt nfrt*: kivumishi kimebeba t ya kike. "Binti ni mzuri" ni *nfr sꜣt*, na ile t ya mwisho wa *nfr* imeondoka! Mimi t hiyo ndiyo iliyonifungua macho, nikarudia kurasa zote nilizoruka.

Jibu 2: Kitenzi nacho hutangulia. *Sḏm.n sš ḫrw*: alisikia, mwandishi, sauti. Hiyo n ndiyo inayoonyesha jambo limeshatendeka.

Muulizaji: Kumbe! Basi "jina langu Asha" nasema kila siku bila "ni", na nimeeleweka. Narudi daftarini sasa hivi.