Benjamin Franklin HAJAWAHI kuwa rais wa Marekani, na nimefungiwa kwa kusema hivyo

Wakuu, salaam. Leo nimevurugwa, mnivumilie.

Nina kisteshenari jirani na shule ya sekondari, nachapa na kutoa kopi. Wiki mbili zilizopita alikuja binti wa kidato cha tatu na flashi yake, anataka kurasa nne za rangi. Ukurasa wa kwanza, picha ya yule mzee wa kwenye noti ya dola 100, na chini yake: "Benjamin Franklin, rais wa Marekani aliyegundua umeme." Nikamwambia mwanangu, huyu hakuwa rais. Akanitazama kwa huruma. "Anko, mbona imeandikwa kwenye kamusi elezo?"

Nikafungua simu, nikaingia kwenye hiyo kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kweli imeandikwa, kwa Kiswahili fasaha kabisa, na chini ya ukurasa kawekwa kwenye Jamii (yaani kundi la kurasa) ya Marais wa Marekani, pamoja na akina Washington na Lincoln.

Basi nikafungua akaunti. Nikafuta "rais", nikaandika "mchapaji, mwandishi, mwanasayansi na mwanasiasa", nikamtoa kwenye ile Jamii. Sijamaliza hata kikombe cha chai, kazi yangu yote imetenguliwa! Sababu aliyoiweka mhariri: "Uharibifu. Hakuna chanzo." Yaani aliyeandika uongo hakuulizwa chanzo, anayeufuta ndiye anaulizwa.

Nikaenda ukurasa wa majadiliano kwa adabu zangu zote. Nikamwambia mkuu, tufanye hesabu ya darasa la nne. Rais wa kwanza wa Marekani ni George Washington, aliapishwa tarehe 30 Aprili 1789, akatoka 1797. Franklin alizaliwa Boston 1706, akafariki Philadelphia tarehe 17 Aprili 1790. Huo urais aliufanya lini? Usiku, Washington akiwa amelala?

Akanijibu kwa kunibandikia kipande cha kitabu cha Kiingereza kinachomtaja kuwa rais wa Pennsylvania. Wakuu, hapo ndipo nilipochoka. Pennsylvania ni jimbo! Enzi zile lilikuwa na Baraza Kuu la Utendaji, na mkuu wa baraza hilo aliitwa rais. Leo tungemwita gavana. Franklin alishika nafasi hiyo kuanzia 1785 hadi 1788, kabla hata huo urais wa nchi haujapata mtu wa kuukalia. Nikaeleza yote haya. Jamaa akaja na chanzo cha pili, kwamba mwaka 1787 Franklin alikuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Kwa mtindo huo mwenyekiti wa kikoba chetu naye apigiwe mizinga 21.

Nadhani shida yote imeanzia kwenye noti. Watu wakiona sura kwenye dola wanajua ni rais, na Hamilton wa noti ya 10 naye yanamkuta hayo hayo. Yule alikuwa waziri wa fedha wa kwanza, basi.

Umeme nao. Ukurasa unasema "aligundua umeme baada ya radi kupiga tiara yake". Umeme ulishajulikana, watu walikuwa wanauchezea kwenye maonyesho Ulaya nzima. Alichotaka kuonyesha Franklin mwaka 1752 ni kwamba radi nayo ni umeme uleule, na tiara ilinasa chaji tu kutoka kwenye mawingu. Ingepigwa na radi yenyewe tungekuwa tunasoma tanzia. Mwaka uliofuata kule St. Petersburg mwanasayansi Georg Richmann alikuwa na chombo chake cha kupimia mambo hayo hayo, radi ikamuua palepale. Nimeliandika hilo, nalo limetenguliwa.

Kilichoniuma zaidi ni utumwa. Ukurasa mzima unamsifu kama mtetezi wa watumwa. Nikaongeza sentensi mbili tu: kwamba yeye mwenyewe alimiliki watumwa miaka mingi, na gazeti lake lilichapa matangazo ya watumwa wanaouzwa na waliotoroka. (Na yeye mwenyewe alimtoroka kaka yake Boston mwaka 1723, akiwa kijana wa miaka 17 anayejifunza uchapaji!) Nikamalizia kwamba Februari 1790, kaburi likimwita, aliweka saini ombi la kulitaka Bunge la Marekani lichukue hatua dhidi ya utumwa. Hiyo ndiyo habari kamili ya mtu. Ikafutwa yote, sababu: "haihusiani na mada".

Na lile neno "mchapaji" halikurudi. Mimi nashika wino kila siku, kwa hiyo hili nalichukulia binafsi. Wosia wake alioandika 1788 unaanza kwa jina lake, kisha Philadelphia, kisha mchapaji, ndipo unakuja ubalozi wa Ufaransa na huo u-rais wa jimbo. Mzee mwenyewe kapanga vyeo vyake kwa mkono wake, halafu mtu aliyekaa nyuma ya kompyuta anampangia upya.

Juzi yule binti kapita na kazi yake imesahihishwa. Kwenye "rais wa Marekani" kuna tiki nyekundu, kubwa, na "vizuri" pembeni. Sikuwa na la kumwambia.

Nikarudi kuhariri mara ya nne, nikafungiwa siku saba kwa kosa la "vita vya kuhariri", yaani kutenguana hariri tena na tena. Kama kuna mdau humu mwenye akaunti ya siku nyingi, au anayefahamiana na mkabidhi (msimamizi wa kamusi elezo) yeyote, naomba aingie kwenye historia ya ukurasa atazame hariri zangu. Aanze na ile Jamii. Mimi nafunguliwa Alhamisi.