Mjadala: Je, tovuti ya umma ikifunguka kwenye Chrome peke yake, imetimiza kiwango?

Mleta mada, Ngamiani

Wadau, wiki iliyopita mzee mmoja aliingia katika steshenari ya jirani yangu, Barabara ya 12 hapa Tanga, kumjazia binti yake fomu ya maombi kwenye tovuti ya taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kompyuta iliyokuwa huru ilikuwa MacBook ya mtumba yenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) cha Safari, toleo la 13. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa, ambapo kalenda ilipaswa kujitokeza, palikuwa na kisanduku kitupu. Mzee akaandika tarehe kama sote tunavyoiandika, siku kwanza, kisha mwezi na mwaka, na fomu ikaikataa mara tatu bila kueleza kosa. Tulipopiga simu kuuliza, jibu lilikuwa fupi: tumieni Chrome.

Sehemu ya kujazia tarehe imo katika kiwango cha HTML, lugha inayoandikia kurasa za tovuti. Chrome iliianza mwaka 2012, Firefox mwaka 2017, na Safari ya kompyuta ikasubiri hadi toleo la 14.1 la mwaka 2021. Lakini kiwango chenyewe kilikwisha kuuona mkwamo huo: kivinjari kisichoijua aina ya kisanduku hukichukulia kuwa cha maandishi ya kawaida, kwa hiyo mtengenezaji angeweka mstari mmoja wa maelekezo, na seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, ikapokea mipangilio yote miwili ya tarehe, wa siku kwanza na wa mwaka kwanza, mzee angeondoka na namba yake ya maombi. Hoja yangu ni kwamba tovuti ya umma iliyojaribiwa kwenye kivinjari kimoja isihesabiwe kuwa imekamilika, hata kama kivinjari hicho ndicho kinachoongoza. Karibuni.

Fundi wa tovuti, Chumbageni

Ndugu mleta mada, mpe mzee pole zangu, lakini lawama umeipeleka kwa asiyehusika. Umesema mwenyewe kwamba Safari ilichelewa miaka tisa kwa kisanduku kimoja. Arifa za tovuti nazo zilifika kwenye iPhone mwaka 2023, tena kwa tovuti zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo tu. Edge tangu mwaka 2020, pamoja na Opera, Brave na Samsung Internet, zote zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, kwa hiyo nikijaribu kwenye Chrome nimewajaribia watu wengi mno. Isitoshe, Chrome inaweza kuzungumza na kifaa kwa Bluetooth kutoka ndani ya ukurasa, jambo ambalo Firefox na Safari haziliwezi. Mteja akilipia siku nne, siwezi kumpa kazi ya siku saba.

Mwalimu wa kompyuta, Raskazone

Fundi, hapo kwenye Bluetooth ndipo ulipochanganya mambo mawili. Kiwango ni makubaliano. Huo uwezo wa Bluetooth haujawahi kuwa kiwango cha W3C, shirika linaloandaa viwango vya tovuti. Ni rasimu iliyosukumwa zaidi na Google, na Mozilla, wenye Firefox, na Apple, wenye Safari, waliikataa kwa kuhofia usalama na faragha ya watumiaji. Ukiihesabia Chrome, umempa mwanafunzi maksi za swali alilojitungia mwenyewe. Sasa tazama kiteuzi cha :has() katika CSS, lugha ya kupambia kurasa, ambacho humwezesha fundi kukipamba kisanduku kulingana na kilichomo ndani yake: Safari ilikileta Machi 2022, Chrome ikafuata Agosti, na Firefox Desemba 2023. Hapo aliyechelewa ni nani?

Mashindano ya alama yana umri wake pia. Jaribio la vivinjari liitwalo Acid3, la mwaka 2008, lilikuwa na vipengele 100, na kila kampuni ilikimbilia kuvipata vyote. Mwaka 2011 mtunzi wake akaondoa baadhi ya sehemu kwa sababu viwango vilikuwa vimebadilika. Ninauamini zaidi utaratibu wa Interop ulioanza mwaka 2022, ambamo Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na Bocoup na Igalia, hukubaliana maeneo ya kurekebisha, kisha pamoja na alama ya kila kivinjari huonyeshwa sehemu ya majaribio ambayo vyote kwa pamoja vimeyapita. Namba hiyo ya pamoja ndiyo inayomhusu mtu aliyeko kaunta.

Wenye umri wangu wanakumbuka Internet Explorer 6 ya mwaka 2001. Ilipokwisha kulitawala soko, toleo la 7 halikuja hadi 2006, na tovuti zilizoandikwa kwa ajili yake zikawafunga watu kwa miaka.

Mwenye steshenari, Barabara ya 12

Mimi si fundi, ila ninauliza: Chrome ipi? Simu ya Android 7 imekwama kwenye Chrome 119 ya mwaka 2023, na wenye simu hizo wanakuja kwangu kila siku. Wengine wanabana bando kwa Opera Mini, ambayo katika hali ya kubana zaidi huupika ukurasa kwenye seva zake na kuacha JavaScript, lugha inayofanya vitufe na fomu viitikie, ifanye kazi kidogo tu. Basi kitufe cha kutuma fomu hubonyezwa hadi kidole kikachoka. Mteja hamlaumu mtengenezaji. Ananilaumu mimi.

Fundi wa tovuti, Chumbageni

La Android 7 sikulifikiria, nakiri. Hata hivyo swali la nani alipe siku tatu za ziada hamjalijibu.

Mleta mada, Ngamiani

Alipe mwenye tovuti, na iandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza. Kipo kipimo kiitwacho Baseline, kinachohesabu kipengele kuwa kimeenea baada ya miezi 30 tangu kifike katika vivinjari vikuu vyote. Nasema hivyo nikijua kwamba kisingemwokoa mzee wetu, maana miezi 30 tangu Safari 14.1 ilikwisha mwaka 2023 na MacBook ile bado ina toleo la 13. Kwa fomu za umma ningeongeza sharti moja: zitumike hata JavaScript ikizimwa.

Fundi wa tovuti, Chumbageni

Sharti hilo ni zito. Jumamosi nitapita hapo Barabara ya 12 na fomu yangu ya karibuni, niifungue kwenye MacBook hiyo mbele yenu.