Kanivali ya mitaani Mwanza: iendeshwe na halmashauri, kampuni au jumuiya ya vikundi?

Mkazi wa Kirumba

Ndugu wanajukwaa, vikundi vya ngoma, bendi za matarumbeta na wanasarakasi wa Kirumba, Mabatini na Igoma wamekubaliana kufanya gwaride la mtaani kila mwaka, kutoka viwanja vya Furahisha hadi Uwanja wa Nyamagana, bila kiingilio. Kabla ya kuandika katiba tunataka kujua nani awe mwenye shughuli. Halmashauri ina magari ya taka, mgambo na mamlaka ya vibali. Lakini Furahisha iko Manispaa ya Ilemela na Nyamagana iko Jiji, kwa hiyo tukisema halmashauri tunasema mbili, zenye bajeti mbili na mabaraza mawili ya madiwani. Kampuni ya matamasha iko tayari kubeba gharama zote, mradi ikusanye yenyewe fedha za wadhamini na ada za vibanda. Njia ya tatu ni jumuiya ya vikundi vyenyewe, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya. Mimi naegemea hiyo ya tatu, ingawa nakiri kwamba ndiyo yenye mfuko mtupu.

Mweka Hazina Mstaafu

Nimeshika fedha za kamati nyingi za harusi, na ninaona watu wanaifikiria kanivali kama harusi kubwa. Kamati ya harusi hufaulu kwa sababu ina mwisho: kadi hugawiwa, ahadi hufuatiliwa mpaka zigeuke taslimu, sherehe hufanyika, kisha huitishwa kikao cha kuvunja kamati, hesabu husomwa, na kilichobaki huliwa siku hiyohiyo. Kanivali inarudi mwakani. Mkivunja kamati kila mara, mtaanza kila msimu na daftari jipya lisilo na senti, na aliyewakopesha jenereta mwaka uliopita hatakuwa na wa kumdai. Naunga mkono jumuiya, kwa sharti kwamba katiba itenge sehemu ya mapato isiyoguswa hadi msimu unaofuata, na kwamba fedha zisitoke benki bila saini tatu, mojawapo ikiwa ya mtu asiye mwanachama wa kikundi chochote kinachocheza.

Binti wa Mwaloni

Niliwahi kuuza sato wa kukaanga katika shughuli ya mtaani iliyoendeshwa na kampuni. Mwaka wa kwanza ada ya kibanda ilikuwa ndogo na tulishukuru. Mwaka wa pili mdhamini wa vinywaji alipewa haki ya kuuza peke yake, nasi tuliokuwa na ndoo za juisi tukafukuzwa mbele ya milango ya nyumba zetu. Faida ilipopungua kampuni iliondoka na jina la shughuli, hivi kwamba wakazi walipotaka kuendelea walitafuta jina jingine, na wadhamini hawakulitambua.

Msafiri wa Ngoma

Jambo la kupima kwanza ni mlango. Tamasha la muziki la Sauti za Busara la Zanzibar hufunguliwa kwa gwaride la mitaani, lakini maonyesho yake makuu yamezoeleka Ngome Kongwe, mahali penye mlango wa tiketi. Hata hivyo tamasha la 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea 2017. Barabara haina mlango kabisa. Rio de Janeiro, Brazili, walijijengea: Sambódromo, njia ya gwaride yenye majukwaa ya watazamaji, ilifunguliwa mwaka 1984, na mwaka huohuo shule kubwa za samba, yaani vikundi vinavyocheza kanivali, ziliunda umoja wao, LIESA, unaosimamia uuzaji wa tiketi na haki za televisheni. Ndiyo maana meya alipokata ruzuku ya jiji kwa nusu kwa kanivali ya 2018, shule zilipiga kelele lakini zilipita barabarani. Huko Salvador, Brazili pia, hutumia kamba: anayenunua fulana hucheza ndani yake, na asiyenunua huitwa pipoca, yaani bisi. Sioni kamba hiyo ikivutwa katika Barabara ya Makongoro bila ngumi kurushwa.

Tunaloweza kuiga ni la New Orleans, ambako vikundi viitwavyo krewe hujigharimia kwa ada za wanachama na sheria ya jiji inakataza kampuni kudhamini magwaride. Tahadhari ni kwamba ada za huko ni kubwa, na baadhi ya vikundi vikongwe vilianza kama vilabu vya matajiri.

Mjukuu wa Bujora

Kaka Msafiri umezunguka dunia ukaruka Kisesa. Katika Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, vyama viwili hasimu vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati ndiye mshindi. Fedha za maandalizi zigawanywe sawa kwa kila kikundi, na sifa iachiwe umati, maana mkianza kutoa ruzuku kwa kufuata ubora, kila kikao kitakuwa kesi.

Mtumishi wa Umma

Msiitupe halmashauri. Polisi wanahitaji taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla ya maandamano, barabara zina wenyewe, ama wakala wa barabara kuu, TANROADS, au wa barabara za mijini na vijijini, TARURA, na taka za asubuhi inayofuata hazizolewi kwa katiba. Ombeni huduma hizo kwa makubaliano ya maandishi na halmashauri zote mbili, lakini fedha za kanivali zisipitie akaunti zao, kwa sababu zikishaingia huko hutoka kwa utaratibu wa bajeti, nao haufuati kalenda ya ngoma.

Mshauri wa Sheria

Jumuiya peke yake haina nafsi ya kisheria ya kumiliki mali. Sajilini bodi ya wadhamini, yaani watu wa kushika mali kwa niaba yenu, si wadhamini wa kutoa fedha, kwa wakala wa usajili, RITA, chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318, kisha jina na nembo visajiliwe kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kama alama ya biashara ya bodi hiyo. Kampuni mnaweza kuiajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ikalipwa kwa kazi, bila kuligusa jina.

Mkazi wa Kirumba

Basi rasimu itasema hivyo: jumuiya juu, bodi ya wadhamini ikishika jina, kampuni kwa mkataba, halmashauri kwa huduma. Mgao sawa nitaupeleka kwa vikundi, ingawa bendi za matarumbeta zitadai kwamba vyombo vyao ni ghali kuliko ngoma. Dada wa Mwaloni, nakuomba uandike kifungu cha vibanda wewe mwenyewe, pamoja na ada ambayo mwenye ndoo ya juisi anaweza kuilipa.