Ushauri: Nahamia Kibamba, kazi iko Posta saa 1:30 asubuhi. Nitaweza?

Mhamiaji2 (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nimepata sehemu ya kuhamia Kibamba, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, bodaboda dakika kama kumi. Kazi yangu iko Posta, kusaini ni saa 1:30 asubuhi na kutoka ni saa 11 jioni. Kwa sasa niko Tabata. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili. Wenyeji wa upande huo naomba mnisaidie: niamke saa ngapi, nipande gari zipi, na maji yakoje? Muda umenibana, nina mpaka mwisho wa mwezi tu.

Konda Mstaafu
Uwe kituoni kabla ya saa 11 alfajiri. Kibamba ni pa kupita, gari za Kibaha zinafika hapo zimeshajaa na utaning'inia mlangoni. Panda lolote linaloishia Mbezi Luis, hata kwa kusimama, kwa sababu pale ndipo gari nyingi za mjini zinapoanzia na siti zinapatikana. Ukiweza kusogea hadi Kimara, chukua mwendokasi la Kivukoni na ushuke Posta ya Zamani. Njia nane kati ya Kimara na Kibaha zimesaidia sana, ila ukishapita Kimara barabara inabana tena. Ukichelewa nusu saa nyumbani, njiani inazaa saa nzima.

Jioni usipandie Posta ya Zamani. Tembea hadi Kivukoni, linakoanzia, upange foleni pale. Ukikuta foleni imezidi, geuza nalo: panda linaloingia kituoni likiwa linashusha, lipa nauli ya pili, rudi umekaa.

Hesabu ya nauli usiifanye kwa siku, ifanye kwa mwezi. Boda, daladala na mwendokasi ni nauli 3 kwenda na 3 kurudi. Kwa siku 26 ni nauli 156, hapo bado za kugeuza.

Mama Madumu
Kwenye maji nisikilize mimi. Ukanda huo wote unakunywa Ruvu Juu, mtambo uko Mlandizi, na DAWASA wanagawa kwa zamu. Usiulize "maji yapo?", watakwambia yapo. Uliza yanatoka siku gani, saa ngapi, na kama presha inapandisha hadi kwenye tenki la juu au inaishia bomba la uani. Kama inaishia uani, jenga tenki la chini na uweke pampu.

Watu wanne wanaofua nyumbani na kuoga kwa ndoo weka lita 200 kwa siku. Simtanki la lita 2,000 litawafikisha siku 10. Likijaa lina uzito wa tani 2, kwa hiyo usilipandishe kwenye mnara wa matofali matupu. Weka nguzo za nondo na jamvi la zege, na liwe tambarare kabisa, maana kokoto moja ikibaki chini ya tenki ndiyo itakayolipasua. Mvua usiiache ipotee. Bati lenye mita za mraba 80, mvua ya milimita 10 inakupa karibu lita 800. Zile za dakika kumi za mwanzo zimwage, zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Mzee wa Bikoni
Mleta uzi, unapanga au unanunua? Mpangaji habanwi na mwisho wa mwezi namna hiyo. Na bei ni kiasi gani?

Mhamiaji2
Nanunua mkuu. Ni nyumba ya vyumba vitatu, imeezekwa, bado madirisha, plasta na sakafu. Kiwanja ni hatua 20 kwa 25. Milioni 13. Lakini swali langu lilikuwa usafiri na nimeshajibiwa vizuri, asanteni sana.

Mzee wa Bikoni
Nyumba iliyoezekwa, dakika kumi kwa boda, kwa milioni 13? Bati, mbao na tofali peke yake zinakaribia hapo. Nyuma ya nyumba kuna nini?

Dada wa Kwembe
Na shemeji yetu amepaona?

Mhamiaji2
Nyuma kuna korongo. Halina maji, watoto wa mtaani wanachezea mpira humo. Kutoka ukuta wa nyuma ni kama hatua 35. Mke wangu ataona nikishamaliza malipo, sitaki presha za watu wengi.

Nisieleweke vibaya. Majirani wapo, nyumba tano mstari mmoja, na wote wana luku. TANESCO wangepelekaje umeme sehemu isiyoruhusiwa? Isitoshe nimeshatoa milioni 6, kwa hiyo suala la kununua au kutonunua limepita.

Mzee wa Bikoni
Halijapita, bado una milioni 7 mkononi.

Luku si hati. Anayeunganisha umeme hathibitishi mipaka wala matumizi ya ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inataja mita 60 hizohizo. Usibishane na mjumbe wala dalali kama hilo ni mto au korongo tu. Andika barua Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, maana mito ya Dar iko chini yao. Ambatanisha mchoro na alama za GPS za pembe nne, uombe wakujibu kwa maandishi.

Kabla ya barua, kapime. Chukua futi kamba ya mita 50, watu wawili. Anzia kwenye ukingo wa juu, pale ardhi inapokatika, usianzie katikati ya mchanga. Kamba iwe mlalo. Ukiilaza kwenye mteremko utajipa mita za bure. GPS ya simu inakosea mita 3 hadi 5, kwa hiyo ni ya kuonyesha mahali, si ya kupimia mpaka.

Fundi Msingi
Hata sheria ingekuruhusu, maji hayasomi sheria. Nenda mchana, uangalie haya. Kagua kuta kwa nje kutoka usawa wa ardhi hadi kiunoni: mstari wa tope, unga mweupe wa chumvi kwenye tofali, au rangi mpya ya chini tu ilhali nyumba haijapigwa hata plasta. Tazama pembe za madirisha. Ufa wa mshazari unaoingiza sarafu maana yake msingi unacheza, mara nyingi ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi.

Halafu chimba shimo la mita moja na nusu upande wa korongo, uliache usiku kucha. Ukikuta maji asubuhi, na huu ni mwezi wa nane, basi shimo la choo litakuwa kisima kuanzia Machi hadi Mei. Tazama pia ukingo wenyewe. Kama mizizi ya miti iko wazi inaning'inia, korongo linakula ardhi, na hatua zako 35 haziwezi kubaki 35.

Chief Mwanga
Jamani mnajibu hadithi. Mtu anaingia kuuliza gari la Posta, ukurasa unaofuata ana korongo, ana milioni 6 zimetoka, ana mke asiyejua. Akaunti ina siku tatu. Huyu ni dalali, anaponda lile eneo wenye nyumba washushe bei, kisha anunue yeye. Bomoabomoa ya bonde la Msimbazi Desemba 2015 nani hakuiona? Na Kimara hadi Kiluvya 2017?

Konda Mstaafu
Hata mimi hatua zimenitia shaka. Mtu aliyehesabu hatua 35 alijua tangu mwanzo nini kinamsumbua.

Mhamiaji2
Si dalali. Sikutaja korongo kwa sababu nilijua mtaniambia niache, na nyumba hiyo nimeitafuta miaka miwili. Anayeshaka aulize chochote.

Mzee wa Bikoni
Tuandikie vifungu vya mkataba wako, majina uyaache.

Mhamiaji2
Ni ukurasa mmoja. Muhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wawili, mmoja wao dalali. "Mnunuzi akishindwa kumaliza deni ifikapo tarehe 31, malipo ya awali hayatarejeshwa." Muuzaji ana mke, hajasaini. Ramani haipo, eneo halijapimwa.

Mzee wa Bikoni
Sasa nakuamini, wa kutunga angejipa mkataba mzuri zaidi.

Tarehe 31 usilipe na usikae kimya. Kabla ya hapo mpeleke wakili amwandikie muuzaji: uko tayari kulipa, kwanza alete ridhaa ya mkewe kwa maandishi na uthibitisho kuwa eneo liko nje ya hifadhi ya mto. Barua ipokelewe kwa saini na tarehe, nakala ubaki nayo. Hapo hujashindwa kulipa, yeye ndiye anadaiwa nyaraka. Akigoma, unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Dada wa Kwembe
Na mkeo aende kwenye kupima. Ashike upande wa pili wa kamba.

Mhamiaji2
Tumetoka huko sasa hivi, tulikuwa wawili. Kutoka ukingo hadi ukuta ni mita 27 na nusu. Mizizi iko wazi. Shimo tumechimba, kesho alfajiri tutalikagua. Mama watoto anauliza kama barua ya wakili inaweza kudai milioni 6 zote zirudi, au tukubali pungufu.

Mzee wa Bikoni
Mdai zote sita. Pungufu ni la kuzungumzwa kwenye usuluhishi, lisiandikwe kwenye barua ya kwanza. Ukitoka kuangalia shimo piga picha, simu iweke tarehe na saa.