Tunawezaje kupima urahisi wa matumizi ya programu yetu bila fedha?

Swali

Habari zenu, ndugu. Nimo katika kikundi kidogo kinachojitolea kutengeneza programu ya chanzo huria ya kutunza orodha ya wanachama wa vikundi na michango yao. Tumebishana kwa wiki kadhaa kuhusu mpangilio wa menyu, na kila mmoja wetu anadai kuwa ndiye anayejua anachotaka mtumiaji. Tungependa kuumaliza ubishi huo kwa kuwaketisha watu halisi mbele ya programu, lakini hatuna maabara wala bajeti. Je, tunahitaji watu wangapi, na tuwape kazi gani? Nilijaribu na jirani yangu: nilimwomba abonyeze "Hamisha" ili apate faili la orodha, akabonyeza, faili likapatikana, nami sikujifunza lolote.

Jibu la kwanza

Hukujifunza lolote kwa sababu jibu ulilitia ndani ya swali. Neno lililo kwenye kitufe lisitajwe katika kazi unayompa mshiriki. Mweleze haja, njia aitafute mwenyewe: "Mweka hazina anataka orodha ya wanachama aichapishe, mpatie." Kisha nyamaza. Hapo ndipo penye ugumu, hasa ikiwa sehemu hiyo uliiandika wewe, maana mkono utakuwasha kutaka kumwonyesha. Mwombe aseme kwa sauti yale anayoyafikiri anapoendelea, na akikuuliza, "Nibonyeze hapa?", mrudishie: "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?"

Kuhusu idadi, watafiti wa urahisi wa matumizi Jakob Nielsen na Thomas Landauer walieleza mwaka 1993 kwamba katika miradi waliyoichunguza mtumiaji mmoja alifichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, na kutokana na hesabu hiyo watu 5 hufichua takriban asilimia 85. Huo ni wastani, kwa hiyo msiuchukue kama ahadi. Mkibahatika kupata watu 15, wagaweni katika duru tatu na mrekebishe programu kila duru inapokwisha, kwa sababu kosa kubwa likiachwa mlangoni, wote 15 watajikwaa papo hapo na yaliyo ndani hamtayaona.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila hao watano wawe wa aina moja. Mweka hazina anayeingiza michango kila wiki na mwanachama anayechungulia salio lake mara moja kwa mwezi hawana haja zinazofanana, hivyo kila kundi lipimwe kivyake.

Hilo neno "Hamisha" limenikumbusha jambo. Katika mradi wetu, mama mmoja alipeleka kishale hadi juu ya kitufe chenye neno hilo, akakiondoa, akarudi kwenye menyu, akafanya hivyo mara tatu bila kubonyeza. Mwishowe akasema, "Nikihamisha, si itatoka humu?" Alikuwa na haki, kwani kuhamisha kitu ni kukiondoa kilipokuwa. Sisi tulilifasiri neno hilo kutoka menyu ya Kiingereza na hakuna aliyelitilia shaka. Tuliandika "Pakua nakala", na washiriki waliofuata walibonyeza bila kusita.

Jambo jingine: msirekodi skrini wala sauti bila ridhaa ya mshiriki, na jazeni programu majina na michango ya kubuni kabla hajaketi.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Nahofia jambo moja tu: wenzangu watasema kwamba mshiriki hakusoma maelekezo.

Jibu la tatu

Watasema hivyo mpaka watakapoona kwa macho yao. Kila mtengenezaji ahudhurie angalau jaribio moja, aketi nyuma, asifungue mdomo. Mtu akishamtazama mgeni akihangaika dakika nne na ukurasa alioubuni yeye, ubishi hupungua wenyewe.

Siku hiyohiyo, kabla hamjasahau, andikeni kwenye orodha ya hitilafu za mradi kile mlichokiona, na dawa mwiachie baadaye. "Menyu iboreshwe" itazua ubishi ule ule wa wiki zilizopita, ilhali "washiriki 3 kati ya 5 walifungua Mipangilio wakitafuta orodha ya wanachama" haina wa kuipinga. Anzeni na yale yaliyomzuia mtu asimalize kazi yake; masuala ya rangi yanaweza kungoja toleo lijalo.