Matokeo ya wagonjwa yanapita wazi kwenye mtandao wetu, nifanye nini?

MwanaKadutu (Bukavu)
Wandugu, salamu. Ninatunza kompyuta za kituo cha afya. Labo iko Ibanda, madaktari wako Kadutu, na majengo mawili yameunganishwa kwa antena. Kila jioni labo inatuma matokeo kwa FTP (njia ya zamani ya kutuma faili, isiyoficha kitu), kutoka mashini za Windows 10 hadi seva yetu ya Linux. Juzi stajieri wetu alifungua Wireshark, programu inayoonyesha data inayopita mtandaoni, kwenye seva: neno la siri la labo likaonekana herufi kwa herufi, halafu majina ya watu na vipimo vyao vya VVU. Nimekosa usingizi. Pesa ya kununua programu hakuna. Mwenzangu anasema tufunge faili kwa zip yenye neno la siri, yatosha. Mnasemaje?

FundiNguba
Haitoshi, ndugu. FTP ilibuniwa mwaka 1971, mtandao ukiwa bado wa watafiti wachache. Zip nzuri itaficha yaliyomo, lakini anayesikiliza atakuwa ameshapata neno la siri la seva yenyewe. Ataingia, atafuta, hata ataweka faili yake kwa jina la labo, na daktari atamtibu mtu kwa matokeo yasiyo yake. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Hamieni SFTP, njia ya kutuma faili zikiwa zimefichwa. Inapita ndani ya SSH, njia ya mawasiliano ya siri kati ya kompyuta, ambayo Tatu Ylönen aliiandika Finland mwaka 1995 baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Kwenye seva tumia OpenSSH, kwenye Windows weka WinSCP. Zote ni za bure.

MamaLabo_Goma
Lakini antena si ina neno lake la siri, WPA2 (kinga ya Wi-Fi)? Sisi tunategemea hiyo.

FundiNguba
Mama, hiyo inalinda hewani tu. Data ikishuka kwenye waya inaendelea ikiwa wazi, na aliyechomeka mashini yake ndani ya jengo anaweza kuielekeza ipitie kwake kwanza.

YayaLushi
Naongeza jambo ambalo watu wengi wanalipita haraka. Mara ya kwanza WinSCP itakuonyesha alama ya ufunguo wa seva (mfululizo wa herufi unaoitambulisha seva) na kuuliza kama unaikubali. Usibonyeze ndiyo hivi hivi! Kaa kwenye seva, andika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Itatoka alama inayoanza na SHA256. Mpigie simu aliye labo, msomeane herufi zote, kubwa na ndogo. Zikitofautiana, msikubali: huenda kuna mtu amekaa katikati, na siri zenu mtamfungia yeye.

Baadaye zima FTP kabisa, mlango 21 ambao FTP inautumia kwenye seva ufungwe, na yale maneno ya siri ya zamani yabadilishwe yote. Hesabu kwamba yameshaonekana.

MwanaKadutu
Asante sana, wakubwa. Kesho mimi nitakuwa kwenye seva, dada wa labo kwenye simu. Je, tukisakinisha upya seva, alama inabadilika?

YayaLushi
Inabadilika, na WinSCP itatoa onyo. Kabla ya kusakinisha, nakili funguo zilizo ndani ya /etc/ssh kwenye diski iliyosimbwa (isiyosomeka bila neno la siri), kisha uzirudishe. Diski hiyo asiishike mwingine, hata stajieri.